Salesio na Kanda za Kiitaliano

Salesio Mithika alikuwa na mdomo. Mikinduri nzima ilijua hivyo, na asiyejua alijulishwa na Salesio mwenyewe kabla hajamaliza kumsalimia. Ukipita sokoni na koti jipya, atakuuliza marehemu alizikwa amevaa nini. Ukioa, atasema maskini msichana wa watu. Alikuwa amewapikia mapadre Waitaliano miaka ishirini na zaidi, na huko jikoni alijifunza kupika tambi, kusonga sima yao laini ya mahindi, na kutukana kwa Kiitaliano. Hayo matusi ndiyo yaliyomfanya ajione msomi.

Padre wa mwisho, Padre Ernesto, alipoitwa kurudi kwao mwaka wa tisini na moja, alimwachia Salesio televisheni, mashine ya video na kanda nne. Watu wakadhani ni kanda za maisha ya Yesu. Wapi! Zilikuwa kanda za opera, ule mchezo wa jukwaani ambao kila neno huimbwa, hata mtu akiomba chumvi. Tena si opera za watu kufa wakilia. Hizi zilikuwa za kuchekesha. Dada yake padre alizirekodi kutoka televisheni ya kwao na kumtumia kwa posta, ndiyo maana kila kanda ilianza na mwanamke akimwaga kahawa na kutabasamu. Hata huyo wa kahawa Salesio alimtafsiri.

Basi kila Jumapili baada ya misa, kiwanja cha Salesio kilijaa. Stima ilikuwa imefika sokoni, naye aliivuta mpaka sebuleni, akaigeuza televisheni iangalie mlangoni, watu wakakaa uani na miraa yao wakitafuna. Salesio alisimama kando na kijiti kama mwalimu wa jiografia. "Sasa huyu anasema nyumba yake ni kubwa. Sasa yule anamwambia mjomba, kichwa chako ni kikubwa zaidi." Nusu alielewa, nusu aliitunga, na nusu ya kutunga ndiyo iliyokuwa tamu.

Kanda iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mzee mwenye kinu cha kusaga ngano. Mzee huyo, mjane, tumbo mbele, anataka kuoa. Wapwa zake wanamletea bibi harusi aliyefunikwa shela, anaimba kwa sauti nyembamba, mzee anayeyuka kama samli. Shela inapofunuliwa, kumbe ni askari mwenye masharubu! Jukwaa zima linamcheka. Mzee anashika kichwa, analia kidogo, halafu anawasamehe wote, wanainua glasi na kuimba pamoja. Salesio aliisimamisha mashine pale pale shela inapopanda, mzee wa watu amebaki mdomo wazi kwenye kioo, kisha akageuka na kumwelekezea Kathuri kijiti.

"Kathuri! Umejiona? Hata tumbo ni lako!"

Huyu Kathuri alikuwa rika la Salesio. Walitahiriwa msimu mmoja, wakalala kwenye kibanda kimoja. Alifiwa na mke, akajaribu kuposa msichana wa Nchiru, akakataliwa mbele ya watu. Jambo hilo lilikuwa limeanza kusahaulika, lakini kwa Salesio halikusahaulika hata Jumapili moja. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Kathuri alicheka pia, kwa sababu rika akikutania hukasiriki, ndiyo desturi. Lakini kucheka na kusamehe ni vitu viwili, na Kathuri alikuwa na kimoja tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo Salesio hakumwambia mtu. Hizo kanda hakumwekea Kathuri wala wengine. Alimwekea Ciakuthii.

Ciakuthii aliuza uji karibu na kinu cha posho. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hajaolewa, anakaa kwa kaka yake Ngari. Homa ya utotoni ilimwachia mguu wa kushoto mfupi, na akitembea bega lake lilishuka na kupanda. Kila Jumapili alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa mbele, na wakati wengine wakimngoja Salesio awaambie ni wapi pa kucheka, yeye alikuwa ameshacheka, kiganja mdomoni. Siku za wiki ungemsikia akimimina uji huku akiuvumisha puani ule wimbo wa mzee wa kinu, bila kukosea. Salesio alikuwa mjane mwaka wa nane. Alikula peke yake, alizeeka peke yake, na huyo mwanamke alimtaka kwa moyo wake wote. Na yeye, bingwa wa mdomo, mbele ya Ciakuthii alisema "uji ni moto" na "uji umepoa", basi.

Isitoshe, kwao mwanamume hajiposei. Hutafuta mtu wa rika lake apeleke ncoolo, lile bunda la miraa bora lililofungwa kwa majani ya mgomba, kwa wenye msichana. Wakilifungua na kulitafuna, wamekubali. Wakilirudisha limefungwa, umekataliwa kwa heshima. Na rika hamdanganyi rika. Mke anaweza kukudanganya, mtoto wa kumzaa anaweza, lakini mliyemwaga damu pamoja ardhini, ng'o! Ndivyo Salesio alivyolelewa, na ndiyo maana mtu mwerevu namna ile alikwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa Kathuri.

"Rika," alisema, akikuna shingo. "Nataka unipelekee ncoolo kwa Ngari."

Kathuri aliacha kutafuna. "Kwa ajili ya Ciakuthii?"

"Ukicheka nitakupiga."

"Nani amecheka?" Kathuri alisema. "Lete bunda."

Salesio akachuma miraa ya mti mkongwe wa babu yake, akaifunga mwenyewe, hakumwachia mtu. Kathuri akalibeba kwapani kwa adabu zote. Akapita nyumba ya Ngari bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kwa Mwirigi.

Mwirigi alikuwa mwana pekee wa Salesio, na alikuwa na hofu moja maishani: kwamba baba ataoa na shamba litagawanywa. Wakalifungua bunda nyuma ya kinu, wakalitafuna wawili hao mpaka jioni, wakipanga. "Mzee anapenda kanda," alisema Mwirigi. "Tumpe kanda." Mtoto wa kumzaa!

Kathuri akarudi na majani matupu ya mgomba. "Wamefungua. Wametafuna yote. Hongera, rika." Salesio alikaa chini kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mikono. Kathuri akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua mila: "Lakini sasa usimsemeshe mpaka aletwe. Ncoolo ikishaliwa, mwanamume hamsalimu bibi. Ukimsalimu umevunja."

Haikuwa mila ya mtu yeyote. Salesio aliifuata kama amri kumi. Alipita penye uji akiangalia juu ya kinu. Jumapili Ciakuthii alipouliza, "Baba Mwirigi, sasa anaimba nini?" yeye alikodolea kioo macho kama kiziwi. Jumapili iliyofuata Ciakuthii hakuuliza. Alisogeza kigoda chake nyuma, karibu na lango, akaacha hata kucheka. Salesio aliona hayo yote na moyo ukamfurahi. Alidhani ni haya ya bibi harusi.

Siku ya kuletwa bibi ikafika. Salesio alichinja beberu, akapika tambi kwa nyanya na wali kwa nazi ya kopo, akavaa suti aliyoachiwa na padre, ikambana kwapani. Alipanga viti viwili mbele ya televisheni na kimoja akakitandikia kitambaa cheupe alichokifuma marehemu mkewe. Watu walifurika mpaka kwenye migomba ya jirani. Aliwaona wakibanana mbavu, wakinong'onezana, akafikiri, leo wananionea wivu.

Vigelegele vikaanza barabarani. Bibi harusi akaja amefunikwa leso mbili kuanzia kichwani, ameshikwa na Kathuri mkono huu na Mwirigi mkono ule, bega likishuka na kupanda, likishuka na kupanda. Salesio alipouona ule mwendo machozi yalimtoka. Nisikufiche, mzee alilia mbele ya watu, akatoa leso ya mfukoni akajipangusa. Wakamkalisha bibi kwenye kitambaa cheupe.

"Mfunue bibi yako, rika," alisema Kathuri.

Akamfunua. Alikuwa Muriithi, mpwa wa Kathuri, kibarua wa kukata miraa, amechorwa masharubu kwa masizi ya chungu. Akampigia Salesio saluti.

Jamani! Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi kanisani. Mwirigi alijishikilia kwenye nguzo ya ghala asianguke. Wanawake walikaa chini. Kuna aliyewasha mashine, na mzee wa kinu akaonekana kwenye kioo akishika kichwa, na Salesio kando yake ameshika kichwa vile vile, bila kujua. Kathuri alichukua kile kijiti, akamwelekezea.

"Salesio! Umejiona?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Salesio alisimama hapo, leso mkononi. Angeweza kulia, na wangekwenda nyumbani wakiona aibu. Angeweza kumlaani mwanawe. Angeweza kuwasamehe kama yule mzee wa kwenye kanda. Watu wenyewe walikuwa wamejiandaa kwa hilo, soda zimeinuliwa, wanangoja kuimba. Lakini mtu wa mdomo akishikwa pabaya, kinachomwokoa ni mdomo.

"Wajinga nyinyi!" alipaza sauti, akajilazimisha kucheka. "Mlidhani sijui? Nilijua tangu siku ya kwanza! Mimi Salesio, niliyekula na Wazungu, nimtake yule anayeyumba kama meza ya mguu mfupi? Ukimwekea chakula si kitamwagika chote! Heri huyu Muriithi. Ana masharubu, lakini miguu yake ni sawa!"

Kicheko kikageuka. Kathuri akabaki na kijiti chake hewani, na watu wakapiga makofi wakisema, lo, mzee huyu hashindwi. Salesio alisikia damu ikimrudi mwilini. Akainama kama waimbaji wa kwenye kanda, mara mbili, mkono kifuani.

Alipoinuka, waliokuwa karibu na lango walikuwa wamenyamaza. Ukimya ukaja polepole kutoka kule hadi kwake. Langoni alisimama Ciakuthii, amevaa gauni la kanisani na viatu vyeusi, na nyuma yake kaka yake Ngari amevaa koti. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja mbele kidogo, kama mtu aliyetaka kuomba njia. Akaushusha. Akageuka, akapanda kilima kurudi kwao, bega likishuka na kupanda, na kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kucheka siku hiyo, mmoja akacheka.

Tambi zililiwa zikaisha. Wali uliliwa, beberu aliliwa. Watu walisema karamu kama ile haijawahi kuonekana Mikinduri, wakaondoka wakiimba ule wimbo kwa pua. Mwirigi akamwambia baba yake ilikuwa mchezo tu, mzee asiweke moyoni, kisha akamwomba mfupa wa paja ampelekee mbwa.

Salesio alijifungia siku kadhaa. Halafu asubuhi moja alitoka, bila mtu wa rika, bila bunda, akaenda mwenyewe mpaka kwenye uji wa Ciakuthii. Wateja walikuwa wamejipanga. Akajipanga nao. Zamu yake ilipofika, Ciakuthii alimimina uji kama kawaida, akampa kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima.

"Ciakuthii," alisema Salesio. Hakujali waliosikia. "Yale niliyosema niliyasema kwa aibu. Sikuyamaanisha. Lile bunda nililituma kweli. Walikula wao."

"Najua."

"Unajua?"

"Uvumi ulinifika siku moja kabla. Wanawake pale mtoni walinipongeza kwa kuolewa." Alipangusa mdomo wa birika. "Nikamwuliza Ngari kama kuna ncoolo imeletwa, akasema hajaona hata jani. Nikajua wanakuchezea. Nikajua pia kwa nini ulikuwa hunisalimu, ni wao waliokukataza. Na mimi nilidhani umenidharau."

"Kwa hivyo ulikuja kunionya."

"Kukuonya kwa nini? Hayo si yalikuwa yameshapangwa?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu. "Nilivaa, nikamwambia Ngari avae viatu. Nilitaka niwakute wanakucheka, nipite katikati yao, nimwambie yeyote waliyemkalisha kwenye kiti cha bibi aondoke, ni changu. Mbele yao wote. Njia nzima nilikuwa nayakariri hayo maneno. Pale langoni nilikuwa nimeshafungua mdomo, Baba Mwirigi. Ukanitangulia."

Salesio alitafuta neno. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila maiti na kila harusi alitafuta neno moja, Kimeru, Kiswahili, hata Kiitaliano, na hakupata kitu.

"Na sasa?" aliuliza mwishowe.

"Sasa maliza uji," alisema Ciakuthii. "Kuna mtu anangoja hicho kikombe."