Mashine Iliyokuwa Msibani

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Sikuota, sikulewa, wala sikuwa na homa. Ilikuwa mchana kweupe, siku ya soko, Makere, ndani ya kibanda changu cha kuhariri video za harusi na kwaya.

Laptopu niliinunua kwa kijana mmoja wa Kumsenga, kule Kibondo. "Ya kaka yangu," aliniambia, "kanunua mpya." Ina Linux, inawaka vizuri, lakini kazi haitaki! Prosesa imeganda kwenye megahezi mia nne, mwendo wa kinyonga. Nikaandika amri za kuilazimisha ikimbie; inakubali, kisha inarudi palepale. Nikabadilisha chaja. Nikatoa betri, nikasafisha feni, nikarudisha toleo la zamani la mfumo. Mafundi wa mtandaoni wakasema ni joto, inajipunguza isiungue. Joto gani, jamani, na mashine ni baridi kama jiwe la mtoni? Nilitukana siku hizo, niamini.

Nilikuwa na haki ya kutukana. Mama Neema, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa anahamia ng'ambo na wanawe, na mama yake mzazi anabaki. Nilirekodi ibada ya kuwaaga, bibi akiwawekea mikono kichwani na kuwaombea mmoja mmoja. Basi lao lilikuwa linaondoka asubuhi, kesho yake baada ya siku hiyo ya soko. Nilikuwa nimemwapia kwamba video ataipokea mkononi kabla hajapanda, na mashine nyingine sikuwa nayo.

Mvua ikawa inapiga bati. Akaingia mwanamume mwenye sweta la kijani, akanisalimia kwa Kiha, kwa upole. Nikamtazama miguuni: viatu vikavu, tope hakuna. Makere, mvua ile! Wewe umeshaona wapi?

"Mama, hiyo mashine ni yangu," akasema. "Usiisumbue, haina ubovu."

"Yako vipi? Nimeinunua kwa mdogo wako, kwa pesa yangu!"

"Najua. Nilikuwa naandikia watu barua na maombi ya kazi kwa hiyo. Ndiyo iliyonilisha. Nilipokufa wakatundika jembe langu, lipumzike mpaka msiba umalizwe. Jembe! Ambalo sikulishika tangu nioe. Hii wakaiuza."

Huku kwetu nani hajui? Chombo cha kazi cha marehemu hulala mpaka wazee wamalize msiba, ndipo kishikwe tena. Lakini nani aliwahi kufikiri laptopu nayo ni jembe? Ningepaswa kukimbia. Haki ya Mungu, hasira ilinitangulia.

"Ndugu yangu, pole na msiba, lakini unanihusu nini mimi? Kuna mtu anaondoka kesho! Ifungulie!"

Akainamia skrini. Bibi alikuwa ameganda pale, mikono juu ya kichwa cha mwanawe. Yule mtu machozi yakamlengalenga. "Ningeweza, ningeifungua," akasema. "Hata mimi nimefungwa." Akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni, nje tope tupu, unyayo hata mmoja hakuna.

Nikampigia yule kijana, nikamweleza sweta na sura. Akasema, "Sasa dada, ningekwambia amekufa, ungenunua?" Mshenzi yule! Wala hakuona haya.

Asubuhi nilikwenda kambini mikono mitupu. Mama Neema akatoa mkono dirishani mwa basi, akaniita dada kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Yaya, video iko wapi? Ulisemaka itaisha." Ningemwambia nini? Kwamba mashine iko msibani? Basi likaondoka na mkono wake bado uko nje.

Nikapanda gari kwenda Kumsenga na laptopu yangu, nikawasema wazee wa ukoo wa marehemu bila kumung'unya maneno, na mimi mgeni. Walitazamana, wakaona aibu. Pombe ya ndizi ilipoiva wakamaliza msiba, jembe likateremshwa, nami nikaiweka laptopu kando yake mbele ya watu wote. Wengine walicheka. Nikaiwasha palepale, na kasi ikapanda yenyewe mpaka juu, amri sijaandika hata moja. Video ikaisha kabla watu hawajanawa mikono kwa chakula.

Sasa imefaa nini? Namba ya Mama Neema haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo wewe unayeuziwa cherehani, simu, pikipiki ya mtu, usiulize tu kama inawaka. Uliza kama mwenyewe yuko hai, na kama ni marehemu, msiba wake umemalizwa?

Yule bibi, mama yake Mama Neema, huja kila siku ya soko. Anakaa kwenye kiti changu, anaangalia video mpaka mwisho, halafu ananiuliza kama mwanawe ameshaiona. Namwambia bado. Juzi akanikazia macho. "Bado kwa nini, mwanangu," akasema, "na mashine yako inakimbia hivi?"