Aliyeondoka Alipoambiwa Aondoke

Mama yangu alimpata baba yangu kwa chagulaga, na mimi nilikua nikiamini hakuna mapenzi matamu kuliko hayo. Kwetu Lusu, upande wa Nzega, enzi za usichana wake, vijana walimzingira msichana njiani akitoka kisimani au gulioni, wakamwambia, "Chagulaga!" Achague mmoja wao. Asipochagua, hapiti. Kila sikukuu kisa hicho kilisimuliwa nyumbani, baba akitazama chini kwa aibu, sisi watoto tukidai kirudiwe.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika riwaya ya mapenzi ya vijana, sikuhangaika kutafuta kisa. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya bweni huku Itetemia, Tabora, na Jumamosi asubuhi wasichana wa kidato cha tatu, wa bweni na wa kutwa, hukaa nami kusoma hadithi. Nilikuwa nimechoshwa na zile wanazotumiana kwenye simu wakiwa likizo: mvulana ana wivu, anampokonya msichana simu, anamganda hata akikatazwa, na mwisho anapewa mke. Nikasema nitawaandikia cha kwetu. Sura ya tano nikaweka chagulaga. Shujaa wangu, mrefu, mabega mapana, anawasukuma wenzake, anamshika msichana mkono na kusema, "Huyu ni wangu." Nilijiona mwandishi kwelikweli siku hiyo.

Wasichana walishangilia mpaka darasa la jirani wakachungulia. Lakini mmoja wa kutwa, mkimya, anayekaa dirishani, alinifuata baadaye ofisini.

"Mwalimu, kuna kijana wa bodaboda ananisubiri njiani kila siku. Nikimwambia simtaki anacheka, anasema nitazoea tu. Kwa hiyo hayo ndiyo mapenzi?"

La bodaboda tulilimaliza: mzazi wake aliitwa, kijana akapelekwa serikali ya mtaa, akaonywa, akaacha. Lakini swali lake halikuniacha. Nilibakiwa na wiki chache kupeleka mswada kwa mchapishaji, na humo ndani nilikuwa nimemwambia yule mtoto kwamba anayemfukuzia kwa nguvu ndiye shujaa.

Likizo ilipofika nilipanda basi la Nzega na daftari langu. Mama alikuwa uani anabangua karanga, baba pembeni anatia jembe mpini. Nikawasomea sura ya tano. Mama akaacha kubangua.

"Mayu, mwanangu, huyu mwanamume ni nani?"

"Si baba?"

"Baba yako hakunishika mkono. Usimsingizie."

Ndipo nikasikia kilichokuwa hakisimuliwi sikukuu. Siku ile alimtaja baba kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa kimya, na ndoo ilikuwa inamwelemea kichwani. "Nilitaka kupita, basi. Unaita mapenzi hayo?" Kesho yake baba alikuja peke yake, mchana kweupe, akasimama mbali. Akamwambia: jana walikuzingira, leo njia iko wazi. Ya jana nimeyafuta. Unanitaka au hunitaki?

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia aondoke. Akaondoka."

"Halafu?"

"Halafu tukapalilia, tukavuna. Nikikutana naye gulioni ananisalimia kama anavyosalimia watu wote. Hanuni, hatumi mtu. Mimi ndiye nikaanza kumtafuta kwa macho kila gulio. Nikasema, kumbe kwa huyu naweza kusema hapana na nikabaki salama! Baada ya mavuno nikamtuma shangazi yangu akamwite."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo. Akasema sisi tulipenda ya kuzingirwa, na baba yetu hapendi ijulikane kwamba alikataliwa. Baba akakohoa, akaendelea na mpini wake.

Nilirudi Tabora nikaichana ile sura. Naungama niliogopa. Nani atasoma habari za shujaa anayeambiwa nenda, naye akaenda? Lakini kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyokuwa nashindwa kuinuka kitini. Katika sura ile ya kwanza, shujaa akishamshika msichana mkono, msomaji hakuwa na cha kungoja tena. Sasa msichana yuko huru, ana masomo yake, ana marafiki zake, na hakuna anayejua kama atamwita. Hata mimi niliyekuwa nashika kalamu sikujua. Moto niliokuwa nautafuta kwenye mabega mapana ulikuwa humo.

Jumamosi ya kwanza ya muhula niliwasomea mpaka pale mvulana anapogeuka na kwenda zake, nikafunga daftari. Zikapigwa kelele! "Mwalimu, anarudi?" "Mwalimu, ukurasa mmoja tu!" Kengele ya chakula ililia, na ilikuwa siku ya pilau, asiinuke mtu. Mkimya wa dirishani akanyoosha mkono.

"Asimwite bado," akasema. "Kwanza amalize mtihani wake."

Darasa zima likapiga makofi. Nikaliandika hivyohivyo, na limo kitabuni.

Nakala zilipofika shuleni niliwaambia wasichana kisa nilikitoa kwa nani, nikawaalika wazazi wangu. Mama alivaa kitenge kipya, baba koti lake la kanisani. Ukumbi ulijaa, madirishani wamening'inia wavulana waliosema vitabu vya mapenzi ni vya wasichana. Nilipokaribisha maswali, yule mkimya wa dirishani akasimama. Hakuniuliza mimi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ulipoambiwa uondoke, ulikuwa na uhakika kwamba bibi atakuita?"

Siri ya baba ikawa imetoka mbele ya shule nzima. Baba akamtazama mama, mama akatazama pembeni, anacheka.

"Sikuwa na uhakika hata kidogo," akasema baba.

"Sasa kwa nini uliondoka?"

Baba alimshangaa kweli, akaona ameulizwa jambo ambalo liko wazi.

"Si alisema niondoke?"