Mashine ya Jeconia Yawaka Tena Mwihoko

Siku Jeconia alipofariki, duka lake la kompyuta mtaani Mwihoko, Ruiru, halikufunguliwa. Alianguka bafuni alfajiri, na kabla ya adhuhuri akakata roho hospitalini Thika. Wateja walibisha hodi, wakaenda zao.

Leo asubuhi mlango uko wazi. Mjane wake, Naliaka, anapangusa kibodi kwa kitambaa, kisha anawasha kompyuta ya pekee ya duka. Kwa miaka sita alikaa hapa kando ya mumewe akichapa barua za kazi na ratiba za mazishi. Kutengeneza mashine ilikuwa kazi ya Jeconia.

Aliporudi kutoka Webuye, walikomzika, mashine hiyo ilikuwa na shida. Jeconia alikuwa ameipandisha hadi mfumo endeshi mpya wiki moja kabla ya kifo chake. Sasa ilikuwa ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena.

Mwenye nyumba, Kagwe, alikuja kumpa pole. Kisha akamwambia kuna kinyozi anayetaka chumba hicho cha duka. "Mama Lenny, kama hakuna kazi, mwisho wa mwezi unipatie funguo."

"Sikuwa na pa kwenda," anasema Naliaka. "Kazi ya kiwanda kule Thika niliacha juu ya hii duka."

Aliazima laptopu kanisani, akachomoa diski ya mashine, akaiunganisha nayo na kunakili faili za wateja. Picha za Jeconia pia. Hapo ndipo akairudisha diski, akafuta kila kitu na kuanza kuweka mfumo upya.

Alikosea. Alipoulizwa toleo, alichagua Pro, kwa sababu ndilo alilomwona Jeconia akiwawekea watu wa ofisi. Mfumo ukaingia vizuri, lakini kioo kikaandika kwamba haujaamilishwa, yaani haujapata kibali chake.

Jirani yake Wayua, anayeuza mboga hapo nje, alichungulia. "Mama Lenny, hiyo kitu imekukataa. Kuja tuuze sukuma."

"Sukuma yako imenyauka tangu jana. Wacha nipambane na yangu."

Wayua anasema hakuwa amemsikia akitania tangu mazishi.

Naliaka aligeuza mashine ubavu. Kibandiko cha kiwandani kilisema Home, toleo la nyumbani. Akaanza tena, na alipoulizwa namba ya kibali akabonyeza kwamba hana, kisha akachagua toleo hilo.

"Kibali kilishashikana na hiyo mashine Jeconia alipoipandisha," anaeleza. "Ukirudisha toleo lile lile kwa mashine ile ile, ukiweka mtandao inajijua. Hununui kingine."

Aliunganisha mtandao wa simu, akakaa akitazama kioo. Ujumbe ukabadilika: mfumo umeamilishwa.

"Nililia kidogo," anasema. "Halafu mteja akaingia na barua, nikachapa."

Kagwe alipopita mwisho wa mwezi alikuta foleni. "Basi huyo kinyozi nitamtafutia kwingine," akasema, akachukua kodi yake.

Siku hizi Naliaka huwawekea wateja mfumo upya kwa shilingi elfu moja. Anataka kufikia Krismasi awe na mashine ya pili, ili moja ikiharibika asifunge duka.

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango la duka bado ni ya Jeconia. Simu hiyo hukaa mfukoni mwa Naliaka. Mtu akipiga na kuuliza kama fundi yuko, yeye hujibu, "Niko. Leta mashine."