Kuku Mgeni na Siafu

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa juu ya udongo mbichi, roho hunichafuka. Ni harufu ya msimu mmoja wa mvua kwetu Segese, nikiwa darasa la pili. Mama alinunua tetea mweupe mnadani Ushirombo, akasema vifaranga wake wa kwanza watakuwa wangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na Mama hakuwa mtu wa kubishana na wahenga. Alimfunga kwenye nguzo ya banda mpaka azoee kwetu. Nilimpelekea pumba kila nilipotoka shule.

Alasiri moja, mvua ilipokatika, siafu waliingia bandani. Kuku wenyeji waliruka nje wakaenda zao. Mgeni aliruka mpaka kamba ilipoishia. Kilichonitia kinyaa zaidi ni ule utaratibu wa siafu wale. Wenye vichwa vikubwa walijipanga kingo zote mbili za njia, mataya wazi, hawabebi hata unyoya. Kazi yao kulinda na kung'ata. Wadogo walipita katikati, hawa wakikata, wale wakibeba vipande vya nyama vilivyolowa damu, bila kugombana wala kuharakishana. Walijaa machoni mwa kuku wangu, puani, chini ya mbawa, naye bado anapumua. Wachafu wale!

"Mayu, kuku wangu!" nililia nikimwita Mama, nikakimbilia bandani.

"Toka humo, Masanja! Watakumaliza na wewe!" Mama alinivuta shati, akamwaga mafuta ya taa, akakata kamba kwa kisu. Kuku hakuinuka tena. Mama alipoanza kunibandua siafu miguuni, miili ilikatika mikononi mwake, vichwa vikabaki vimeng'ang'ania ngozi yangu. Nilitapika pale pale mlangoni.

Siku hizi Segese ni malori na vumbi la mgodi, na siafu siwaoni sana. Ila mikutanoni hakosekani mgeni rasmi wa kutuhimiza tuwe kama siafu, kila mtu na kazi yake, na watu hupiga makofi. Mimi sipigi. Huyo hajawahi kuwaona wakila. Mke wangu naye hulalamika kwamba kuku ninaowaleta kutoka mnadani hutoroka, maana kwangu kuku mgeni hafungwi kamba. Ni kweli, hutoroka. Waende tu.