Kanga Niliyempeleka Ukweni

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Miaka ile ya Wabeleji nilichumbia binti wa kijiji cha Bwegera, na baba yake alitaka kujua kama nitaweza kulisha mke. Nikajigamba: "Baba mukwe, miye iko muwindaji. Nitakuletea kanga wa pori."

Kumbe masika yamefika, majani marefu, kanga wote wamejificha kulalia mayai. Wiki mbili mitego yangu ilinasa konokono tu. Ndipo nyuma ya mashamba ya mpunga nikamwona kanga mmoja. Nikamwita kwa mdomo, akaja mwenyewe, anatembea kama karani. Nikasema, kumbe nina kipaji!

Nikamfunga miguu, mbio ukweni. Nikasimulia alivyonikimbiza mpaka mto Ruzizi, alivyonichania suruali. (Suruali ilichanwa na baiskeli, lakini hayo tuyaache.)

"Mufungue tumuone huyo simba," akasema baba mukwe.

Nikamfungua. Kanga akajikung'uta, akaingia jikoni, akapanda kwenye kitunga kando ya kuni, akalala.

Mama mukwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hasemi nami, akamsemesha kanga: "Weye! Yai ulilotoka nililalisha kwa kuku yangu, nikakulea. Tangu jana uko wapi?"

 Baba mukwe alitazama tu suruali yangu.