Nilifungua Nyumba ya Watu kwa Ufunguo Wangu

Mwaka wa 1986, saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, nilifungua nyumba ya watu nisiowajua.

Sikuvunja. Nilitumia ufunguo wangu mwenyewe, ule niliokuwa nauvaa shingoni.

Ukaingia. Ukazunguka. Mlango ukafunguka pole pole kama unanikaribisha.

Kabla sijavuta pumzi, nikasikia mama mmoja ng'ambo ya ua: "Mwizi jameni. Mwizi mchana, na mtoto mgongoni."

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio uujue huo mlango.

Naitwa Wacera. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na binti mmoja, Wahu, anaota meno. Baba yake alikuwa ameenda Nairobi kutafuta kazi. Nafikiri bado anaitafuta.

Mchana niliuza mboga ya sukuma soko la Eldoret. Jioni nilienda ngumbaru, darasa la watu wazima, mtoto nimemlaza chini ya dawati. Watu walinicheka. Ati mama mzima anaimba a, e, i, o, u. Mimi niliwaacha wacheke, kwa sababu kucheka hakuhitaji masomo.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinaezekeana nyumba kwa zamu. Leo mabati kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu yangu ilipofika, nikapata mabati kwa ploti yangu ndogo kule Kimumu. Kuta tukakandika wenyewe kwa udongo.

Lakini kikundi hakinunui mlango. Mlango ni juu yako.

Wangu aliutengeneza fundi Kituyi, mbao ya saiprasi, na kitasa cha ndani, sio kufuli ya kuning'inia. Uliisha kabla ya nyumba kuisha, kwa hivyo ukalala ubavu miezi minane ndani ya chumba nilichokuwa nimepanga.

Huo mlango ulinilea. Ulikuwa meza yangu. Ulikuwa ubao wangu, nafanyia juu yake mazoezi ya ngumbaru kwa chaki. Wahu alijifunza kusimama akiushika. Meno yake mawili ya kwanza aliyajaribu kwenye kona ya chini, akaacha alama mbili ndogo kama za panya. Kituyi akataka kuzipiga randa. Nikamwambia, "Ukigusa hizo, hatutaelewana."

Siku nilipoweza kuandika sentensi nzima bila kunakili, sikuiandika kwenye daftari. Nilipasha msumari kwa jiko nikaichoma kwenye ule ukingo wa juu kabisa wa mlango, mahali ambapo hakuna mtu hutazama.

*Nyumba ya Wacera na Wahu 1986.*

Tukahamia. Kitasa kilikuja na funguo mbili. Moja nikaivaa shingoni. Ya pili nikaifunga uzi mwekundu wa sweta, nikampa Mzee Zachariah.

Mzee Zachariah alikuwa jirani yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye kila mkutano lazima kwanza apewe nafasi asalimie watu. Kulikuwa na harambee, alikuwa mbele. Kulikuwa na wakubwa, alikuwa mbele zaidi, koti limejaa beji. Yeye ndiye aliyenishauri: "Mama Wahu, wewe jioni uko darasani. Niachie ufunguo mmoja, nikuangalizie nyumba kama baba yako."

Nikaona Mungu amenikumbuka.

Jumatatu moja jioni nikatoka ngumbaru, Wahu amelala mgongoni. Nikafika kwangu, nikatoa ufunguo shingoni, nikanyoosha mkono.

Mkono ukaingia hewani.

Mlango hakuna. Blanketi iko. Sufuria ziko. Hata ile redio ndogo iko. Mwizi amebeba mlango tu, na kitasa chake, na bawaba zake, akaacha shimo.

Nilishika ile fremu kwa giza. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hapo ningejua. Lakini mtu akilia haoni vizuri.

Mzee Zachariah alikuja na tochi. Akapiga magoti kwa sakafu yangu ya udongo akaomba hadi jasho likamtoka. "Bwana, umwaibishe huyu mwizi. Umkaushe mkono." Mimi nikaitika amina. Nikamtilia chai. Akaongeza sukari.

Asubuhi nilienda kambi ya chifu. Nikamkuta sabchifu mpya, msaidizi wa chifu, kijana anaitwa Kimeli, viatu vinang'aa kuliko maisha yangu. Alikuwa na miezi michache tu kazini.

"Umeibiwa nini?"

"Mlango."

Akaweka kalamu chini. "Mlango ndio huzuia wezi. Sasa wenyewe unaibiwa aje?"

Askari wake wawili wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Uko na risiti?"

"Alinitengenezea fundi. Fundi hana risiti."

"Ulikuwa wa namna gani?"

"Wa mbao, bwana sabchifu. Una alama ya meno ya mtoto chini."

"Meno." Akaandika kwenye kitabu: *mlango mmoja*. Akafunga kitabu. "Wewe mama wa ngumbaru, rudi nyumbani. Serikali haiwezi kutafuta meno."

Nikarudi. Nikatundika gunia mahali pa mlango.

Ukijua baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba, utajua gunia linazuia nini. Halizuii kitu. Wiki ya kwanza Wahu akaanza mafua. Ya pili, kikohozi. Ya tatu kifua chake kikawa kinalia kama filimbi, na mimi nikawa nalala nimekaa, nimemweka ndani ya nguo zangu, naliangalia lile gunia likipepea.

Mama wa dispensari aliniambia waziwazi. "Dawa nitakupa. Lakini huyu mtoto akiendelea kulala kwa upepo, usinilaumu."

Nilitoka pale dawa mkononi, nikaamua kupita njia ya mkato. Wahu akaanza kukohoa mpaka akatapika. Nikaona nyumba mpya ya mawe, madirisha ya vioo, mlango umepakwa rangi ya bluu. Nikaenda kuomba maji.

"Hodi."

Kimya.

Nikainama nimpanguse mtoto pale kizingitini. Macho yangu yakaanguka kwenye kona ya chini ya mlango.

Alama mbili ndogo. Kama za panya.

Nilipitisha kidole. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya meno ya mtoto wangu.

Sikufikiria. Mtu mwenye akili angeenda kuita mashahidi kwanza. Mimi nilivuta ufunguo shingoni nikauingiza, na hapo ndipo tulipoanzia.

Ile nduru ilileta watu kutoka posho mill iliyo karibu, wengine bado wana unga kwa nyusi. Yule mama aliyenipigia nduru, Priscah, alikuwa ameshika jembe.

"Nimemwona kwa macho yangu. Ana ufunguo wa wizi."

"Siku hizi wanawake pia?"

"Anajificha na mtoto. Mtoe huyo mtoto kwanza ndio tumfunze."

Hayo maneno, *mtoe huyo mtoto kwanza*, bado nayasikia. Nilirudi nyuma nikaegemea mlango wangu, Wahu katikati ya mgongo wangu na mbao. Moyo ulikuwa umechoka na watu.

"Mimi sijaingia ndani," nikasema. "Nimefungua mlango wangu. Nyumba ni ya nani, mimi sijui."

Wakacheka. Mwenye nyumba akafika mbio na mtungi wa maji, mama kijana kama mimi, jina lake Esther.

"Mlango wako aje? Huu tumepewa na watu."

"Nani aliwapa?"

"Mwenyewe, bwana yangu, anakuja, muulize."

Na mwenyewe akaja, kwa baiskeli, viatu vinang'aa.

Sabchifu Kimeli.

Alinitazama. Akatazama ufunguo. Nikaona uso wake ukifanya kazi ambayo haukuwa umezoea, kazi ya kukumbuka.

"Wewe si ni yule wa mlango?"

"Ndio, bwana sabchifu. Na mlango ndio huu."

Wiki tatu. Mtu ameandika *mlango mmoja* kwa mkono wake, akaenda nyumbani, akaufungua, akala, akaufunga, akalala nyuma yake. Wiki tatu. Hata ng'ombe hujua mlango wa boma lake.

"Milango inafanana," akasema.

"Na meno?"

"Panya."

"Sawa. Panya wa kwenu pia wanaandika?"

Watu wakasogea karibu.

Nikaongea kwa sauti, kila mtu asikie kabla ya chochote. "Lete stuli. Mtu apande aangalie ukingo wa juu, pale fundi hapaki rangi. Pameandikwa kwa moto: Nyumba ya Wacera na Wahu, 1986. Mimi ndiye Wacera. Huyu anayekohoa ndiye Wahu. Kama hakuna hayo maneno, nipigeni."

Sabchifu akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimepungua. "Huyu ni wa ngumbaru. Ataandika nini?"

Stuli ikaletwa. Priscah ndiye alipanda, na jembe lake. Akaangalia.

"Kuna kitu," akasema. "Lakini mimi sikusoma."

Akashuka. Akapanda Esther mwenyewe. Akapangusa vumbi kwa kidole, akasoma pole pole, neno moja moja, na sauti yake ikawa inapungua kila neno.

"Nyumba. Ya. Wacera. Na. Wahu."

Hakusoma mwaka. Alishuka, akamtazama bwana yake jinsi mke humtazama mtu asiyemjua.

Priscah akaweka jembe chini. Wale wengine wakaanza kukumbuka unga wao kwa posho mill.

"Sikuiba," Kimeli akasema haraka. "Haki ya Mungu. Nilipewa zawadi, na ufunguo wake. Ona." Akatoa mfukoni.

Uzi mwekundu wa sweta.

Ule ufunguo ulikuwa unaning'inia kwa vidole vyake. Bawaba hazifunguki mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu skrubu zinabaki ndani. Fremu haikuwa na mkwaruzo. Mwizi wangu hakuvunja. Alifungua, kama mgeni mstaarabu, halafu akaung'oa.

"Ulipewa na nani?" nikauliza, kama sijui.

"Mzee Zachariah. Si aliuahidi kwenye harambee ya kumalizia nyumba yangu, mbele ya wakubwa? Kambi yote ilisikia."

Na mimi nilikuwa hapo.

Mwezi wa sita, uwanja wa kambi, akina mama wa kikundi tuliamrishwa kupika chai. Kila mwanaume mkubwa anasimama anaahidi. Huyu simiti, huyu madirisha. Mzee Zachariah akasimama na beji zake, akangoja kimya kiwe cha kutosha, akasema, "Mimi natoa mlango."

Hakuwa na mlango. Alikuwa na mdomo. Ahadi ikitolewa mbele ya wakubwa, lazima itimizwe, na yeye akaangalia kote kijijini, akaona mlango mpya ni mmoja tu, wa msichana asiye na bwana, na ufunguo wake uko mfukoni mwake yeye.

Siku ile tuliambiwa tumpigie makofi. Nikaweka birika chini. Nikapiga makofi. Nikapiga na vigelegele.

Niliushangilia mlango wangu ukitolewa.

Sabchifu hakutaka maneno mengi baada ya hapo. Mbele ya watu wale wote angesema nini? Walioniita mwizi ndio waliong'oa mlango na kuubeba hadi kwangu, Priscah akiwa mbele, anaelekeza wanaume kama ni yeye aliyegundua.

"Sasa sisi tutalala wazi?" Kimeli akauliza nyuma yangu.

"Nitakutumia gunia, bwana sabchifu," nikamwambia. "Liko karibu jipya. Limetumika wiki tatu tu."

Na nikalituma. Esther aliniambia baadaye kwamba lilitundikwa.

Wahu alilala usiku huo bila upepo. Ndani ya siku kumi, ile filimbi ya kifuani ikanyamaza. Sasa yeye ni mtu mzima, na zile alama mbili za meno yake bado ziko kwenye kona ya mlango.

Ukiona kitu chako kwa watu usiowajua, usifanye kama mimi. Usiguse. Tafuta shahidi, sema alama yako kwa sauti kabla haijaonekana, halafu uwaulize swali moja tu: nani aliwapa. Mara nyingi hao wageni hawajui kitu. Anayejua ni yule aliyekuja kuomba na wewe, akaongeza sukari.

Mzee Zachariah hakushtakiwa. Watu kama yeye hawakuwa wanashtakiwa miaka hiyo. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akahubiri juu ya kusameheana, na watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu vya Wahu.

Jioni akaja kwangu. Nilizijua hatua zake.

"Hodi, Mama Wahu. Ni mimi, baba yako. Nimekuja tuombe."

Nilikuwa nimekaa kitandani, mtoto amelala kwa mapaja yangu, daftari la ngumbaru juu ya goti, funguo zote mbili shingoni, ule wa uzi mwekundu pia. Akagonga tena. Akaita tena. Akasukuma kidogo.

Mlango ukafanya kazi yake.