Safari Niliyoiita Kuvuka Kidogo

Kosa nitakalolisimulia hapa lina jina, nami nalitaja mapema ili usije ukalitafuta kwa wengine: ni kiburi cha kusafiri bila kuaga. Lilikaa ndani yangu muda mrefu kabla sijalitambua, kwa kuwa nililidhania ni uungwana wa msichana aliyesoma.

Mwanangu, juzi uliniletea simu yako unionyeshe orodha ya nchi ambazo mwanamke anaweza kuzitembelea peke yake bila hofu. Niliisoma yote, kwa miwani na bila miwani, na nilifurahi kuiona nchi yetu ikitajwa kwa sifa. Sikukatazi kwenda. Wahenga waliposema tembea uone, hawakusema ni wanaume tu watembee. Lakini kabla hujachagua, keti kidogo unisikilize.

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa Kifaransa hapa Kamembe, miaka michache tu baada ya familia yetu kurudi Rwanda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuona mji mgeni kwa macho yangu, bila kaka wala mjomba wa kunibebea mzigo. Kwa hiyo nilifungua daftari, nikaorodhesha miji niliyoisoma magazetini na kuisikia redioni, na kila mji nikaupa alama kana kwamba nasahihisha mitihani. Kampala ilipata kumi na saba juu ya ishirini. Sikumwuliza hata mtu mmoja aliyewahi kufika huko.

Na waliofika walikuwa wakinipita kila asubuhi. Unawajua wanawake wanaouza ng'ambo ya mto: hawakanyagi daraja la Rusizi kabla hawajaulizana mambo matatu, unaenda wapi, kwa nani, unarudi saa ngapi. Jioni hakuna anayetoka mpakani mpaka aliye nyuma yao wote aonekane. Mimi niliuona utaratibu ule kuwa umbea. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja muuza sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, mwenye sauti iliyovuka mto kabla yake. Siku moja nilipokuwa nikienda Bukavu alinisimamisha.

“Mademoiselle, unaenda wapi? Kwa nani? Utarudia saa ngapi?”

“Maman,” nikamjibu, “wewe ni douane, mtu wa forodha?”

Wenzake wakacheka. Yeye akajitwika beseni lake vizuri, akasema taratibu, “Douane anaangaliaka mizigo. Sisi tunaangaliaka muntu.”

Nilimpita, nikaenda zangu. Mdharau biu hubiuka yeye, lakini methali hii nilikuwa naitamka tu, nilikuwa bado sijaisoma.

Likizo ilipofika nilijua fika kwamba nikitamka neno safari, nyumba nzima itasimama. Mchungaji ataitwa, shangazi watakuja na nasaha zao, na nitaulizwa maswali hata nisiyo na majibu yake. Lakini sisi wa hapa tuna neno moja lisiloogopesha mtu. Kuvuka daraja kwenda Bukavu si kusafiri. Anayevuka haombewi, huagizwa vitu tu. Valise, sanduku langu la nguo, niliitanguliza shuleni jana yake, na asubuhi nikamwambia mama yangu, “Maman, ninavuka kidogo. Nitalala kwa rafiki yangu siku tatu hivi.” Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akiyachambua. “Uniletee sabuni,” akasema. Nikapitia shuleni kuchukua valise, nikaenda kwenye gare, kituo chetu cha mabasi, nikapanda basi la Kigali, na Kigali nikaunganisha la Kampala. Simu niliizima. Nilijiona mtu huru kuliko wote waliozaliwa kando ya ziwa.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa baadaye, na kila msimuliaji aliongeza chumvi yake. Nakupa yale waliyokubaliana wote. Alasiri ileile mama alikutana sokoni na yule muuza sambaza, aliyekuwa akijiandaa kuvuka kwenda Bukavu kwa mara ya pili siku hiyo.

“Ukimukuta binti yangu kule,” mama akamwambia, “umuambie sabuni ikuwe mbili.”

Yule mama akashusha beseni chini. “Maman, binti yako hakuvuka leo. Mimi na wenzangu tuko pa daraja tangu saa kumi na mbili ya asubuyi.”

Mama alikaa palepale chini, kati ya mafungu ya nyanya. Muuza sambaza akamshika mkono, akamwinua. “Kulia kutakuja nyuma. Tuende kwanza gare.”

Kwenye gare, mkata tiketi alinikumbuka vizuri, maana nilikuwa nimemsahihisha Kifaransa chake. Naam, hata hilo nalikiri. Alisema kwamba nilikuwa nimemwuliza habari za mabasi ya Kampala. Basi yule mama, ambaye samaki wake walikuwa wakiharibikia juani sokoni, akampigia simu mdogo wake aliyekuwa akiuza vitenge Kampala, karibu na mahali mabasi yetu yanaposimama. Hakumwomba, alimwamuru.

Nami nilifika Kampala asubuhi iliyofuata nikiwa na furaha isiyo na akili. Mji ulikuwa umeamka juu ya vilima vyake, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja, harufu ya chapati, vitabu vimetandazwa barabarani kama viazi. Nilisimama na anwani yangu mkononi, nyumba ya kulala wasichana niliyoiona katika gazeti la zamani, nikatafuta mtu wa kuniongoza. Wanawake waliojaa pale na biashara zao sikuwauliza. Nilimchagua bwana mmoja mwenye tai, aliyeshika gazeti, na aliyejua Kifaransa. Nikampa alama kumi na sita.

“Hiyo nyumba ilihamia nje ya mji, mademoiselle,” akasema kwa upole. “Gari langu hili hapa. Nitakufikisha.”

Akaichukua valise yangu, akaiweka nyuma ya gari. Mwanangu, nilimshukuru. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani niliposikia mtu anakuja mbio, na kumwona mwanamke amejifunga kitenge, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Hakunitazama mimi. Alisimama mbele ya yule bwana.

“Unamupeleka wapi?”

Bwana akataja mtaa.

“Kwa nani?”

Akasema kwa dada yake. Kisha akajirekebisha, kwa shangazi yake.

“Atarudia saa ngapi, na nani atamurudisha?”

Watu walikuwa wameanza kugeuka kututazama, wauza chapati, wapagazi, wanawake wenye mabeseni. Bwana akafungua tena nyuma ya gari. Aliitoa valise yeye mwenyewe, akaiweka chini polepole, akaondoka na gari lake. Hadi leo sijui alikuwa mtu wa namna gani, na namshukuru Mungu kwa kutojua.

Yule mwanamke akavaa ndala yake, akanipima kutoka juu hadi chini. “Mimi ni mudogo wa ule mama wa sambaza wa Rusizi. Amenipigia mara tano. Aliniambia: mrefu, valise nyekundu, sura ya mwalimu. Nilikuwa naangalia mabasi yote. Washa simu, mama yako anangoja.”

Niliiwasha. Mama aliposikia sauti yangu akauliza, “Sabuni iko wapi?” Hapo ndipo sote wawili tulipolia.

Usidhani safari yangu iliishia hapo. Ndiyo kwanza ilianza. Nililala kwa yule muuza vitenge siku nne, nikala matoke mpaka nikazifungua vishikizo sketi zangu, na kila asubuhi nilipotoka peke yangu kwenda kwenye maduka ya vitabu aliniuliza yale maswali matatu, nami nikamjibu kwa adabu. Sijawahi kutembea kwa wepesi kama siku zile. Niligundua kwamba aliyeaga ana mabega mepesi, kwa sababu hana uongo wa kubeba.

Niliporudi Kamembe, kwenye gare walikuwa wamesimama mama na kundi zima la wanawake wa daraja, wakipiga vigelegele kana kwamba naletwa kuolewa. Muuza sambaza alinikumbatia, akanitia harufu ya samaki iliyonifuata hadi kanisani Jumapili. “Mademoiselle,” akasema, “douane ilikutafuta.” Walicheka, nami nikacheka kuliko wote.

Basi nenda, mwanangu, na orodha yako uichukue, maana si uongo. Zipo nchi ambazo mwanamke hutembea vizuri kuliko nyingine. Lakini nchi haiwezi kujua kwamba umepotea. Anayeona pengo lako ni mtu. Kabla ya kuchagua mji, waulize wanawake waliorudi kutoka huko, hata kama mikono yao inanuka dagaa, kwa maana kuuliza si ujinga. Taja wazi uendako, utakayefikia kwake na siku ya kurudi, na ukibadili nia njiani, tuma neno. Ukifika ugenini na ukapotea, mwendee kwanza mwanamke aliye kazini mahali penye watu. Wala usilipunguze jina la safari yako ili kuwakwepa wanaokupenda.

Mungu akufungulie mipaka na kukufungulia mioyo ya wenyeji. Ule kwao, ulale salama, uone yale ambayo sisi hatukuyaona, na urudi ukiwa na masimulizi marefu kuliko haya.

Neno la mwisho. Mimi niliyeyajua kwa kichwa majina ya waandishi wa vitabu vyote vya shule, nilipita mbele ya yule mama miaka mitatu bila kujua anaitwaje. Nilimwuliza siku ile pale gare, mbele ya watu, kwa sauti. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaniambia: Nabintu.